Biashara na Ubaguzi: Funzo la Historia kwa Kada wa Igowole

Suala lenyewe

Nani afanye biashara, na kwa masharti ya nani? Mara nyingi swali hili huchukuliwa kuwa la fedha tu: mwenye mtaji afungue duka, asiye na mtaji awe mnunuzi. Sisi tunaofundisha siasa hatuwezi kuridhika na jibu hilo. Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba katika kila kipindi biashara imekuwa na mlango, na mlango huo umekuwa na funguo tatu. Ufunguo wa kwanza ni kibali, yaani leseni na pahali pa kuuzia. Wa pili ni mkopo. Wa tatu ni bidhaa yenyewe: nani anaipata kwa bei ya jumla na nani anaipata baada ya wengine kukata faida yao. Kada anayetaka kuielewa siasa ya biashara ya kipindi chochote na aulize funguo hizi ziko mikononi mwa nani.

Tunalitazama suala hili kutoka Igowole, kituo cha biashara cha Wilaya ya Mufindi, Mkoani Iringa. Igowole iko kwenye njia itokayo Nyololo, katika barabara kuu ya kwenda Zambia, kuelekea Kibao, Mtwango na Mgololo. Hiyo ni nchi ya chai, mbao, mahindi na viazi. Mashamba ya chai, misitu ya Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo vimewavuta watu wa kila namna, na nyuma ya mfanyakazi hufuata muuzaji. Wahehe na Wabena wamekutana huko na Wakinga kutoka milima ya Makete na watu wa mikoa mingine. Basi mchanganyiko wa watu tunao tayari. Linalobaki ni kujua kama mchanganyiko huo unaonekana pia nyuma ya meza ya duka, au unaonekana tu upande wa wanaonunua.

Ngazi tatu za ukoloni

Utawala wa Kiingereza uliikuta Tanganyika ikiwa na biashara, ukaipanga kwa rangi. Juu yalikaa makampuni ya Kizungu ya kuagiza na kusafirisha bidhaa. Katikati walikaa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, wa jumla na wa rejareja. Chini aliwekwa Mwafrika: mkulima anayeuza mazao yake kwa bei ya kupangiwa, kibarua anayetumia mshahara wake dukani, na mchuuzi anayezunguka na kapu.

Ngazi hizo zililindwa kwa sheria. Sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ya mwaka 1923, iliyofuatwa na nyingine ya mwaka 1931, ilifanya deni ambalo Mwafrika amekopeshwa na mtu asiye Mwafrika lisiweze kudaiwa mahakamani isipokuwa kwa idhini ya mtawala. Wakoloni walieleza kwamba walikuwa wakimlinda mwenyeji asitumbukie katika madeni. Tuangalie matokeo. Biashara ya rejareja huendeshwa kwa mali kauli: mwenye duka huchukua bidhaa leo na kulipa akishauza. Mfanyabiashara wa jumla asiyeweza kumdai Mwafrika mahakamani hatampa mali kauli. Benki nazo zilitaka rehani, na ardhi ya Mwafrika iliyoshikwa kwa mila haikukubaliwa kuwa rehani. Kwa hiyo Mwafrika aliyetaka kuuza sabuni aliinunua kwa fedha taslimu, kwa bei ya rejareja, kisha akajaribu kupata faida juu ya faida ya mwingine. Hapo tena hapakuhitajika bango la kumkataza kufungua duka.

Tusidhani kwamba ngazi ya katikati ilikuwa tabaka moja. Kulikuwa na makampuni makubwa kama Karimjee Jivanjee, na kulikuwa na mwenye duka dogo porini aliyelala juu ya magunia, akidaiwa na mwenye duka la jumla wa mjini, ambaye naye alidaiwa na muagizaji wa Dar es Salaam. Nao pia walionja ubaguzi. Mwaka 1923 serikali ilipotunga sheria za leseni na kodi ya faida, pamoja na masharti ya hesabu kuwekwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuitumia katika vitabu vyao, wafanyabiashara wenye asili ya Asia walifunga maduka kwa wiki kadhaa kupinga. Mkoloni aliwatumia kama ukuta kati yake na Mwafrika, na Mwafrika aliyebanwa aliona ukuta, hakumwona aliyeujenga. Hii ndiyo hila kubwa ya mfumo wa kibaguzi: humfanya mnyonge amchukie anayemwona kila siku na kumsahau anayetawala kwa mbali.

Waafrika hawakukaa kimya. Mwaka 1934 Erica Fiah, mwenye duka mzaliwa wa Buganda aliyeishi Dar es Salaam, aliongoza kuundwa kwa chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu. Uchagani, chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925 kiliandaa njia ya ushirika wa KNCU ulioandikishwa mwaka 1933. Madai ya duka na madai ya uhuru yalikua pamoja, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilirithi yote mawili.

Mufindi: shamba, kipande na duka

Nyanda za Juu za Kusini zililipa gharama ya pekee. Baada ya vita vya Mkwawa, vilivyoanza kwa ushindi wa Lugalo mwaka 1891 na kuisha kwa kifo chake mwaka 1898, ardhi ya milima yenye baridi ilianza kuvutia walowezi. Mwaka 1925 Lord Delamere wa Kenya aliwakusanya walowezi Tukuyu, kwa ndoto ya kuunganisha nyanda hizi na nchi ya walowezi wa Kenya. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kijerumani walipanda chai Mufindi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mashamba yao yalichukuliwa kama mali ya adui, yakaingia mikononi mwa kampuni ya Brooke Bond. Katika miaka ya 1930 Lord Chesham naye alileta walowezi wa Kiingereza upande wa Sao Hill.

Mlowezi alipata ardhi yenye hati, na kwa hati alipata benki. Mwenyeji alipata kipande. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama kwenye kadi, na mshahara ulilipwa siku zilipotimia. Vijana wa Kibena na Kikinga walikwenda mashamba ya chai ya karibu, na wengine walipelekwa mbali, hadi kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, kupitia ofisi ya kuajiri vibarua iliyoitwa SILABU.

Lakini katika njia hiyo hiyo ya manyanyaso ndimo biashara ya Waafrika wa nyanda hizi ilimopata chimbuko. Kibarua aliyerudi na akiba kidogo alinunua nguo chache, chumvi na viberiti, akauza njiani. Wakinga, ambao milima yao mikali iliwalazimisha kutoka kutafuta kazi, ndio waliojulikana zaidi kwa safari hii ya kutoka kibarua hadi uchuuzi na kutoka uchuuzi hadi duka. Hadi leo tunasikia vijiweni watu wakieleza mafanikio yao kwa habari za ndumba. Historia inatoa maelezo mengine: kutembea mbali, kula kidogo, kukopeshana ndugu kwa ndugu pale benki ilipokataa, na kumpokea kijana wa nyumbani dukani ajifunze kazi. Kada anayeruhusu maneno ya ndumba kushika nafasi ya uchambuzi anaruhusu mbegu ya ubaguzi wa kabila.

Wanawake nao walikuwa wafanyabiashara kabla ya kuhesabiwa kuwa wafanyabiashara. Walipika komoni, waliuza ulanzi, mboga na maharage kwa vibarua. Biashara hiyo ililisha nyumba nyingi, lakini haikuwa na leseni, haikuwa na pahali pa kudumu, na fedha yake mara nyingi ilihesabiwa kuwa mali ya mume.

Uhuru: rangi au uraia?

Uhuru ulipokaribia, lilizuka swali kali. Mlango umefungwa kwa rangi kwa miaka arobaini. Je, sasa nasi tuufungue kwa rangi? Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, ambapo wakoloni walimlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, TANU ilikubali kuingia na kuwaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubali msimamo wake. Hapa Iringa aliyeungwa mkono kwa kiti cha Mzungu alikuwa Lady Chesham, mjane wa yule mlowezi, ambaye baadaye alibaki nchini kama raia na mbunge.

Oktoba 1961 muswada wa uraia ulipoletwa bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, akaonyesha kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kwa ajili ya msingi huo. Mwaka 1963 TANU ilifungua uanachama kwa raia wa rangi zote, na Januari 1964 Mwalimu alitangaza mwisho wa kubagua raia kwa rangi katika ajira ya serikali. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari 1964, jeshi liliasi, na katika vurugu zile maduka ya watu wenye asili ya Asia yaliporwa Dar es Salaam. Uporaji ule haukumpa Mwafrika hata ufunguo mmoja. Duka lililovunjwa halimkopeshi mtu.

Mwezi Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Mwalimu aliandika katika gazeti la The Nationalist kueleza kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja. Adui wa ujamaa ni unyonyaji, na mnyonyaji hana rangi maalumu.

Jirani zetu walitupa somo la upande wa pili. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Maduka yao yaligawiwa askari na marafiki wa utawala, watu ambao wananchi waliwaita mafuta mingi. Rafu zilikwisha, mali haikuagizwa tena, na mkulima wa Uganda alibaki bila sabuni kama alivyokuwa bila duka. Walioshika funguo walibadilika rangi. Mlango ulibaki umefungwa.

Azimio na duka la umma

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilichagua njia nyingine: kuziweka funguo mikononi mwa umma. Mabenki yalitaifishwa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza nje, kama Smith Mackenzie na Dalgety, yaliunganishwa katika Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1973 shirika hilo lilivunjwa, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa Mufindi aliweza kudai bidhaa kama haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, jambo ambalo ni msingi wa biashara yoyote ya mwanamke.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1976, ikaja Operesheni Maduka. Shabaha ilikuwa njema: kila kijiji kiwe na duka lake la ushirika, faida ibaki kijijini. Lakini katika sehemu nyingi viongozi walianza na hatua ya mwisho. Walifunga duka la mtu binafsi kabla duka la kijiji halijapata bidhaa, ghala, wala mtunza hesabu. Wananchi wakatembea maili nyingi kutafuta chumvi. Mwaka huo huo serikali iliizuia kasi hiyo. Duka la kijiji lililoanzishwa kwa haraka mara nyingi lilikufa kwa ugonjwa ambao wahenga waliutaja zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ugumu uliongezeka baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na upungufu wa fedha za kigeni. Bidhaa zilipoadimika, kibali cha RTC chenyewe kikawa bidhaa. Aliyemjua mgawaji alipata katoni. Mama mwenye genge alipata maelezo. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1983, ilifichua mali iliyofichwa, na bajeti ya mwaka 1984 ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Tunalotaka wanafunzi walione hapa ni hili: ufunguo ukiitwa wa umma lakini ukakaa mfukoni mwa ofisa mmoja bila kuonekana, unabagua kama ulivyobagua ufunguo wa mkoloni. Umma kumiliki bila umma kusimamia ni nusu ya kazi.

Soko huria na milango midogo midogo

Baada ya hapo funguo zilitawanyika. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa kujishughulisha na biashara. Hilo lilileta swali jipya ambalo Chama hakiwezi kulikwepa: kiongozi anayekaa katika kamati ya kugawa vizimba, naye ni mwombaji wa kizimba, anamwakilisha nani?

Sheria zimesonga mbele. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa ya ardhi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010. Mwaka 2018 halmashauri ziliwekewa kwa sheria wajibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huu ni ufunguo wa pili, ule ule ambao sheria ya 1931 ilimnyima Mwafrika, ukirudishwa kwa walioachwa nyuma. Hata hivyo utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana, vikiwamo vikundi hewa, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Kikundi hewa si kosa la hesabu tu. Kila shilingi iliyokwenda kwa jina lisilo na mtu imechukuliwa kwa mtu mwenye jina.

Swali la zamani la rangi na uraia nalo limerudi. Mwaka 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo. Amri hiyo inazungumzia uraia. Mitaani ni rahisi kuigeuza ikazungumzia sura, lafudhi au dini. Kada ana wajibu wa kuulinda mpaka uliowekwa bungeni mwaka 1961: raia ni raia.

Wajibu wa kada wa Igowole

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo manne.

Kwanza, kubadili rangi au kabila la mwenye duka si kufungua mlango wa duka. Uganda ya 1972 inatosha kuwa ushahidi.

Pili, kumfungia mmoja si kumfungulia mwingine. Operesheni Maduka ilitufundisha kujenga kwanza kinachochukua nafasi.

Tatu, usawa wa maandishi hauondoi ubaguzi wa hali. Leo hakuna sheria inayomkataza mama wa Igowole kukopa benki. Lakini kama kiwanja kimeandikwa jina la mume, dhamana hana. Hakuna sheria inayomkataza kijana mwenye ulemavu kupanga fremu. Lakini kama soko lina ngazi na matope, hafiki.

Nne, ufunguo wa umma lazima uonekane na umma.

Kwa hiyo tunapendekeza darasa la Chama lianze kwa uchunguzi badala ya hotuba. Wanafunzi waende sokoni na daftari, wahesabu. Fremu zinazotazama barabara zimeandikwa majina ya nani, na ni nani wanaopanga bidhaa chini, juani na mvuani? Katika kamati ya soko wamo wanawake wangapi, vijana wangapi, na wangapi walikuja kutoka mbali? Orodha ya waliopata vizimba na mikopo imesomwa katika mkutano wa hadhara, au imebaki kabatini? Viazi vinanunuliwa kwa mizani, au kwa lumbesa, gunia lenye kilemba linalomwibia mkulima mdogo mbele ya macho yake? Mfanyabiashara mkubwa anampa mali kauli nani: kila mwaminifu, au mtu wa kwao peke yake?

Swali hili la mwisho ni gumu, nalo lisiogopwe. Kukopeshana ndugu kwa ndugu kulikuwa silaha ya wanyonge pale benki ilipowakataa. Silaha hiyo hiyo, mnyonge akishakuwa tajiri, inaweza kuwa ukuta kwa mnyonge mwingine. Dawa yake si kuwasema Wakinga, wala Wabena, wala Wahehe. Dawa ni kupanua mduara wa kuaminiana mpaka uvuke kabila: chama cha akiba na mikopo cha soko zima, ununuzi wa pamoja wa bidhaa za jumla, na daftari ambalo kila mwanachama anaweza kulisoma. Huo ndio ushirika wenyewe, na si mgeni katika nchi hii.

Kiongozi ambaye ana biashara yake sokoni na atoke nje ya kikao vizimba vinapogawiwa. Hatudai jambo kubwa. Tunadai kwamba atakayeingia Igowole kesho asubuhi na kapu la maharage mgongoni, awe mwanamke au mwanamume, mwenyeji au mhamiaji, mzima wa viungo au mwenye ulemavu, aweze kuonyeshwa pahali pa kuuzia, bei ya pahali hapo, na daftari ambamo jina lake litaandikwa kama majina ya wenzake.